Mnajuaje Ipi Imekwisha?

Benchi la pale kwa Dobi ni ubao wa kupigia pasi uliostaafu. Ulipopinda, mwenyewe aliukata miguu, akaupandisha juu ya matofali nje ya duka lake, na tangu hapo watu hukalia alama za pasi zilizoungua juu yake, kila mtu na alama yake kama vile amepewa hati. Alama ya kwanza kutoka mlangoni ni ya Stempu, mzee aliyepanga barua posta kwa miaka thelathini na ambaye mpaka leo hawezi kupita mbele ya nyumba bila kuitafuta namba yake. Ya pili ni ya Chaji, fundi simu, ambaye meza yake iko hatua nne tu kutoka hapo lakini yeye husema mawazo yake hukomaa akiwa benchini. Ya tatu, iliyo chini ya dirisha ambako waya wa umeme unafika, ni ya Jalada. Huyu ana digrii ya kompyuta na miaka mitatu ya kuitembeza mitaani, na jina alilipata kwa sababu hajawahi kuonekana bila jalada la bluu la vyeti kwapani. Siku hiyo jalada alikuwa amelikalia. Magotini alikuwa na laptopu, usoni alikuwa na ndita, na saa ya ukutani kwa Dobi ilikuwa inasema nane na nusu mchana.

— Ishirini na nne! — Jalada aliifokea laptopu. — Nimekupa kurasa kumi na mbili, zimekuwa ishirini na nne. Hizo nyingine umezaa na nani?

— Zimezaliana? — Chaji aliinua shingo. — Basi hiyo ni virusi.

— Si virusi.

— Juzi kuna mtu picha zake zilizaliana hivyo hivyo kwenye simu. Nikamwambia virusi, akabisha kama wewe. Leo hana simu.

— Hana simu kwa sababu uliifungua ukashindwa kuifunga.

Stempu alicheka mpaka kahawa ikamwagikia kidoleni. Aliyekuwa anamimina kahawa hiyo, mama mnene mwenye birika mkono mmoja na vikombe sita mkono wa pili, alikuwa shangazi yake Jalada, dada wa baba yake toka nitoke. Sebule ya Shangazi ndiyo chumba cha kulala cha Jalada. Mwisho wa mwezi binti yake Shangazi anarudi nyumbani na mtoto mchanga, na sebule itakuwa na mwenyewe. Shangazi hajamwambia Jalada aondoke, wala hatamwambia. Ameanza tu kupima kwa macho mahali kitanda cha mtoto kitakapokaa, na kila akipima, macho yanatua kwenye godoro la Jalada.

— Mwacheni mtoto, — Shangazi alisema. — Ana mtihani wake.

— Shangazi, mimi si mtoto. Nina miaka ishirini na saba.

— Na usiku unavuta vitambaa vyangu vya kochi ujifunike. Kunywa.

Mtihani wenyewe ulikuwa hivi. Kampuni moja ilikuwa inatafuta mtu. Jalada aliomba kama alivyoomba kwingine mia, na safari hii, ajabu, alijibiwa. Alitumiwa zoezi: aandike programu kwa Haskell, ile lugha ya kompyuta ambayo chuoni alifundishwa muhula mmoja na mhadhiri aliyeipenda kuliko alivyowapenda wanafunzi, airudishe kabla ya saa kumi kamili ya siku hiyo. Atakayechelewa asijisumbue. Maneno yalikuwa hayo hayo, asijisumbue, kama vile miaka mitatu yote alikuwa anastarehe.

— Hebu tueleze, — alisema Stempu. — Lakini eleza kama unayeongea na watu wenye akili.

— Ningekuwa naongea nao ningekuwa nimeshamaliza. Haya. Kuna folda inaitwa chanzo. Humo kuna kurasa kumi na mbili za maelekezo, mbichi. Programu yangu inachukua kila ukurasa, inaupachika kichwa cha kampuni juu, inaupachika anwani chini, halafu inauweka tayari kwenye folda nyingine inayoitwa tokeo. Simple. Mtu akibadilisha ukurasa mmoja, urudiwe huo mmoja tu. Asipobadilisha kitu, programu ikae kimya.

— Si ndiyo kazi ya Dobi hiyo? — Shangazi aliuliza. — Zinaingia chafu, zinatoka safi.

— Msiniingize humo, — sauti ilitoka dirishani, ikifuatwa na mvuke. Dobi alikuwa ndani, mikono ya shati imekunjwa, pasi mkononi. — Halafu wewe Jalada, zamu yako imekwisha. Chomoa.

Duka la Dobi lina soketi moja inayofanya kazi. Pasi na laptopu zikichomekwa pamoja, fyuzi inakatika na mstari mzima wa maduka unaingia gizani, na kinyozi wa duka la mwisho anakuja na mkasi mkononi kuuliza ni nani. Kwa hiyo ni zamu: dakika kumi na tano pasi, dakika kumi na tano laptopu. Betri ya laptopu, ikiachwa peke yake, inaishi dakika tisa.

— Dakika kumi tu, Dobi. Please.

— Kumi hizo hizo uliziomba saa saba.

Jalada alichomoa, akafunika laptopu kama mtu anayemfumba mgonjwa macho.

— Sasa tatizo liko wapi? — Stempu hakuwa mtu wa kuliacha jambo njiani.

— Wamesema wataiendesha mara mbili mfululizo. Mara ya pili isifanye kitu, maana hakuna kilichobadilika. Yangu mara ya kwanza inafanya kumi na mbili, safi. Mara ya pili inafanya ishirini na nne. Mara ya tatu thelathini na sita. Na nikifungua hizo za ziada, ukurasa una vichwa viwili. Mwingine una vitatu!

— Ukurasa una vichwa vitatu? — Stempu alivua miwani. — Huo si ukurasa, huo ni mnyama.

— Si ufute hizo za ziada? — Shangazi alishauri. — Kila kabla ya kuanza, fagia kwanza.

— Asubuhi nimefagia, Shangazi. Nimeandika amri ya kufuta kila kilichomo kwenye folda ya tokeo, nikasahau kuandika jina la tokeo. Unajua imefuta nini?

— Nini?

— Chanzo! Kimefutika chote na mimi naangalia. Imebidi niombe bando la Chaji nipakue upya.

— Ambalo sijalisahau, — alisema Chaji.

— Na hata nikifagia vizuri, haisaidii. Wao hawatafagia. Wanataka kuona mara ya pili imetulia.

Stempu aliomba aone. Jalada alifunua laptopu, akahesabu dakika moja ya uhai wake, akamwonyesha. Mzee aliweka kidole kwenye kioo, kidole kile kilichopanga barua za mji mzima, akakisogeza mstari kwa mstari.

— Hapa umeandika nukta. Nukta gani hii peke yake?

— Hiyo maana yake ni hapa nilipo.

— Hapa ulipo wapi?

— Popote nitakapokuwa.

Stempu alimtazama kwa huzuni ya kweli.

— Mwanangu. Posta tungekufukuza. Mtu analeta barua, bahasha imeandikwa “hapa nilipo”. Nampelekea nani? Andika anwani kamili! Kuanzia mwanzo, folda kubwa, folda ndogo, mpaka mlangoni.

— Nikiandika kamili, mzee wangu, inaanza na folda ya nyumbani kwangu, ina jina langu. Kwenye kompyuta yao hakuna folda yenye jina langu. Ningekuwa nayo huko, si ningekuwa nimeajiriwa?

— Hapo kakushinda, — alisema Chaji.

— Hajanishinda. Nawaambia kuna barua moja, miaka ile, ilizunguka miaka kumi na mmoja. Mtumaji aliandika anwani yake mahali pa mpokeaji. Tukiipeleka, inarudi kwake. Akiipata, anasema bado haijafika, anairudisha posta. Tunaipiga muhuri, tunaipeleka, inarudi. Mwisho ilikuwa na mihuri mingi mpaka bahasha ikawa nzito kuliko barua. Ilipofunguliwa…

— Nani aliifungua? — Shangazi alidakia. — Mlikuwa mnafungua barua za watu?

— Ilifunguka yenyewe. Kwa uzito.

— Miaka kumi na mmoja hakuna aliyesoma bahasha?

— Kila mtu alisoma kipande chake.

Chaji alijisogeza mbele kwenye alama yake.

— Mimi nitawaambia ukweli, — alisema, akashusha sauti. — Ni umeme. Ile pasi inachafua umeme. Joto linapita kwenye waya, linaingia kwenye laptopu, faili zinavimba. Kitu kikivimba kinapasuka, kikipasuka vinakuwa viwili. Kumi na mbili, ishirini na nne.

— Na thelathini na sita je? — Jalada aliuliza. — Kupasuka mara ya pili si ingekuwa arobaini na nane?

— Nyingine zinapona.

— Chaji, nakuomba. Kwa heshima zote. Nyamaza.

— Sijamaliza. Au si umeme. Labda hiyo kampuni yenyewe haitaki mtu. Wanatuma zoezi kwa wasomi elfu moja, kila mmoja anawatengenezea kurasa kumi na mbili, bure. Halafu wanaliweka zoezi lisilo na mwisho makusudi, ili kila ukiliendesha, kurasa zinaongezeka. Wewe hapo unahangaika, kumbe wao wanavuna! Huko waliko wana ghala la kurasa.

— Kurasa zenye vichwa vitatu, — alisema Stempu. — Ghala la wanyama.

Na wakaanza kuchora ghala hilo, liko chini ya ardhi, lina walinzi, kurasa zinalishwa nini. Jalada aliwatazama. Alikuwa amesoma miaka minne, amefaulu, amepiga picha na joho la kukodi, na sasa mustakabali wake ulikuwa umekalia ubao ulioungua unasubiri pasi ipoe. Alijua kosa si umeme, wala si nukta peke yake. Kosa lilikuwa ndani ya kichwa chake mwenyewe, na huko ndiko alikochoka kutafuta. Njia zote za faili alikuwa ameziandika kama maneno matupu: hili ni neno, na lile ni neno. Lipi la chanzo na lipi la tokeo, alikuwa anajua yeye. Na tokeo alikuwa ameliweka ndani ya chanzo humo humo, kwa sababu ilikuwa rahisi, na kwa sababu, obviously, asingesahau.

Saa tisa na dakika ishirini alifika dada mmoja ambaye benchi halikuwa linamfahamu. Alikuwa na haraka ya mtu anayeingia zamu saa kumi na moja, viatu vyeupe visivyopiga kelele, na beji iliyopinduka shingoni. Alisalimia vizuri, akasimama dirishani.

— Nimefuata koti langu. Jeupe, la maabara. Uliniambia jana lingekuwa tayari.

— Lilikuwa tayari tangu jana dada yangu! — Dobi alisema kwa furaha, akazama ndani.

Walimsikia akifungua hiki, akifunga kile. Walimsikia akijiuliza kwa sauti. Alitokea mlangoni ameshika koti kwa ncha za vidole, linachuruzika maji.

— Limelowa, — alisema yule dada.

— Limelowa kidogo.

— Jana lilikuwa tayari?

— Jana nililifua, nikalikausha, nikalipiga pasi, nikalikunja. Nikaliweka hapa. — Dobi alionyesha meza ya dirishani. — Leo asubuhi nimepokea mzigo, nimeuweka… — Mkono ukakosa mahali pa kuonyesha, maana palikuwa pale pale. — Nikazoa vyote vilivyokuwa mezani, nikaingiza majini.

— Kwa hiyo limefuliwa mara mbili.

Dobi aliitazama kola, akaitazama tena kwa karibu.

— Nadhani juzi pia.

Benchi zima liliangua kicheko, Stempu akimpiga Chaji mgongoni. Jalada hakucheka. Yule dada naye hakucheka. Alikuwa anaitazama meza, kapu na kamba ya nguo kwa utulivu wa mtu ambaye kazini kwake kosa la namna hii lina fomu yake ya kujaza.

— Samahani, — alisema, na aliuliza kwa wema kabisa. — Mnajuaje ipi imekwisha?

— Nani, mimi? — Dobi alijigusa kifua. — Najua. Miaka yote hii! Naiangalia tu.

— Hili uliliangalia?

— Niliangalia… Nguo safi ni safi.

— Na nguo nyeupe iliyokuja haina doa?

Dobi alimtazama Stempu, Stempu akatazama namba ya duka la pili. Chaji akakumbuka kuna skrubu mfukoni mwake, akaitoa akaikagua.

— Sisi maabara, — dada aliendelea, — sampuli haitujibu kama imeshapimwa. Zote ni damu. Kwa hiyo hatuiulizi. Ambazo hazijapimwa zina trei yake, kifuniko cheupe. Zilizopimwa trei nyingine, chumba kingine, kifuniko chekundu. Na kifuniko chekundu hakiingii kwenye mashine. Hata ukilazimisha, hakiingii.

— Rudia, — alisema Jalada.

Wote waligeuka. Alikuwa amesimama, jalada la bluu limebaki kwenye ubao limechukua umbo lake.

— Hakiingii kwenye mashine?

— Kimeundwa kisiingie. Usiku mtu akiwa amechoka, hawezi kukosea hata akitaka.

— Dobi, chomoa pasi.

— Chomoa nini? Nina koti la mteja linachuruzika, anaingia kazini saa kumi na moja! Pasi ndiyo inayolikausha!

— Dobi, nina dakika thelathini na tano na betri ya tisa. Chomoa pasi!

— Ulikuwa na muda tangu asubuhi!

— Mpeni umeme, — alisema dada wa maabara. Alilichukua koti, akalikung'uta mara moja kwa nguvu mpaka Stempu akapata mvua, akalitandaza juu ya kamba mbele ya jua. — Jua lipo. Nitasubiri.

Shangazi alimpa kikombe bila kuuliza, kisha akamsogeza Chaji kwa nyonga, dada akapata alama ya pasi ya kukalia.

Jalada aliandika. Tokeo alilitoa ndani ya chanzo, akaliweka pembeni, folda mbili ubavu kwa ubavu, kila moja na mlango wake. Hilo lilikuwa la dakika mbili. Kisha akafanya lile ambalo mhadhiri wake alilihubiri muhula mzima na yeye akalichukua kama maringo ya wenye mishahara: aliacha kuziita njia za faili maneno matupu. Alitengeneza aina mbili. Moja Chanzo, moja Tokeo. Ndani yake maandishi ni yale yale, lakini kwa nje haziingiliani tena. Kazi ya kusoma ukurasa inapokea Chanzo tu. Kazi ya kuandika inatoa Tokeo tu. Na hakuna popote kwenye programu pa kugeuza Tokeo kuwa Chanzo. Kifuniko chekundu.

— Mbona anatabasamu? — Chaji alinong'ona.

— Muache, — alisema Shangazi, ingawa yeye mwenyewe alikuwa ameshika birika tupu hewani kwa muda.

Jalada alimpa kompaila, yule mkaguzi anayeisoma programu kabla haijaruhusiwa kukimbia. Kompaila akagoma. Mstari wa arobaini na moja, alisema. Hapa nataka Chanzo, wewe unanipa Tokeo.

Na pale mstari wa arobaini na moja ndipo ilipokuwa aibu yenyewe. Alikuwa ameorodhesha faili zilizokwisha ili alinganishe saa zake na za zile mbichi, aone ipi imepitwa na wakati. Vizuri kabisa. Kisha, kwa uvivu wa usiku wa juzi, akairudisha orodha hiyo kwenye rundo lile lile la kazi. Safi juu ya chafu. Siku mbili alipita juu ya mstari ule, ukiwa umevaa maneno matupu kama mistari mingine yote, naye akiupungia mkono.

— Nimekuona, — aliuambia. — Mshenzi wewe.

Aliurekebisha. Akaiendesha programu.

— Kumi na mbili.

Akaiendesha mara ya pili. Kioo kikaandika maneno matatu: Hakuna cha kufanya.

Miaka mitatu maneno hayo aliambiwa na kila mlango aliobisha, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kumtoa machozi kwa wema. Shangazi hakuelewa kilichoandikwa, lakini aliuona uso, akapiga kigelegele mpaka kinyozi wa mwisho akatoka na mkasi mkononi kuuliza ni nani.

— Nilisema ni anwani! — Stempu alikuwa amesimama. — Kila kitu na mahali pake! Nilisema au sikusema?

— Ulisema wanyama, — alisema Chaji. — Mimi ndiye niliyesema ichomolewe pasi.

Saa kumi kasoro dakika nne, kwa bando la Chaji, Jalada alituma. Mshale ulizunguka, ukazunguka, ukakaa. Limeenda. Shangazi alikuwa ameshaanza kumweleza dada wa maabara habari za binti yake na mtoto mchanga, na jinsi Jalada atakavyopata chumba karibu na kazi, chenye dirisha. Dobi naye alikuwa amekaa kizingitini na rundo la nguo zilizokwisha, anafunga uzi mwekundu kwenye tundu la kifungo cha kila moja, kimyakimya, bila kutaka kuonekana.

Laptopu ililia.

— Wamejibu! — Chaji aliruka. — Hata dakika mbili hazijaisha! Soma, soma kwa sauti!

Jalada alisoma kwa sauti.

— “Ndugu mwombaji. Asante kwa ombi lako jipya. Hatua ya kwanza ni zoezi fupi la programu. Tafadhali pakua folda iliyoambatanishwa, yenye kurasa kumi na mbili…”

— Zoezi jingine? — aliuliza Shangazi. — Umefaulu, wamekupa la pili?

— Ni hilo hilo, Shangazi.

— Hilo hilo lipi?

— Hilo hilo! Kurasa zile zile! Nimewatumia jibu, wamelipokea kama ombi. Mfumo wao umechukua kilichokwisha ukakirudisha kwenye kapu la vinavyoingia! Wananifua tena! Wananipima kwa kosa ambalo wenyewe… — Alizunguka benchi mara moja, hakupata pa kupeleka mikono. — Wanataka mtu anayejua kutenganisha chanzo na tokeo. Serious? Hawa?

— Chini ya zoezi pana anwani ya kuuliza maswali, — Stempu alisema taratibu. — Niliiona. Waandikie.

Jalada aliketi. Aliandika sentensi ndefu yenye hasira, akaifuta. Akaandika nyingine ya heshima, akaifuta. Mwisho akaandika maneno matatu tu, aliyoazimwa siku hiyo hiyo: Mnajuaje ipi imekwisha? Akaweka jina lake kamili chini. Akatuma.

Walisubiri wote, vichwa sita juu ya kioo kimoja, Dobi na uzi wake naye akiwemo.

Laptopu ililia.

“Ndugu mwombaji. Asante kwa ombi lako jipya.”

Chaji mwenye ghala lake la chini ya ardhi hakusema “niliwaambia”, na hilo ndilo lililouma zaidi. Betri ilikuwa imebakiza dakika chache lakini hakuna aliyehangaika na waya. Dada wa maabara alisimama, akalishika koti lake kambani, likawa limekauka vya kuvalika. Alilivaa, akainyoosha beji. Kisha akauliza kama mtu anayetaka kujua tu, kwa kuwa yeye mambo ya kompyuta hayajui:

— Kwani huko upande wa pili kuna mtu?

Stempu alivaa miwani, akaivua. Shangazi aliinamisha birika juu ya kikombe cha Jalada, likatoa tone moja, la pili likagoma. Dada aliaga, akaenda kazini kwake, kwenye trei zake mbili.

Dobi alibaki amesimama. Alilitazama jalada la bluu pale benchini, pembe zimeliwa, miaka mitatu ya kuingia na kutoka mlango ule ule. Akapinda, akalichukua, akapitisha uzi mwekundu kwenye tundu la chuma, akakaza fundo kwa meno.

— Hili limekwisha, — alisema, akamrudishia mwenyewe. — Halirudi majini. Kesho lipeleke pengine, wakikutana nalo waone uzi.

Akaingia ndani, akachomeka pasi.